Kupe Anayeishi Pangoni Anakula kwa Nani?

Mtu akikuambia amekuta kupe pangoni, usianze kumuuliza pango lina giza kiasi gani au limeingia ndani mita ngapi. Muulize kupe huyo anakula kwa nani. Swali hilo linatenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya kila siku: kupe aliyeangukia pangoni kwa bahati mbaya, na kupe aliyezaliwa humo, akakulia humo, akapata mwenzi humo na atakayefia humo. Wa kwanza ni wengi. Wa pili, kwa upande wa kupe wenye gamba gumu, ni wachache mno, na uchache wao ndio unaonivutia.

Nasema wenye gamba gumu kwa sababu upo ukoo mwingine, papasi, ambao chini ya ardhi ndiko kwao. Papasi ana ngozi laini iliyokunjamana. Mchana hujibanza ufani. Usiku hutoka, hunyonya kwa dakika chache, pengine nusu saa au saa, kisha hurudi alikotoka kabla aliyenyonywa hajageuka ubavu. Anaweza kukaa miaka bila kula. Jike hutaga mara kadhaa maishani, kila baada ya kushiba. Maisha ya namna hiyo na shimo yameumbwa yafuatane, na tumelijua hilo kwa zaidi ya karne. Mwaka 1905 watafiti Dutton na Todd, wakiwa Kongo, walionyesha kwamba papasi wa kwenye sakafu za udongo ndio walioeneza homa ya papasi, ile inayopoa halafu ikarudi. Dutton mwenyewe aliugua akafa mwaka huohuo. Robert Koch, akifanya kazi Afrika Mashariki ya Kijerumani katika miaka hiyohiyo, akaviona vijidudu vya homa hiyo ndani ya mayai ya papasi, maana yake mama humrithisha mtoto. Mwaka 1969 mtafiti Plowright na wenzake wakatangaza kupata virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika ndani ya papasi waliokusanywa kwenye mashimo ya wanyamapori Tanzania. Papasi kukutwa shimoni, basi, si habari.

Habari ni kupe mwenye gamba. Huyu maisha yake yamepangwa vingine kabisa. Katika kila hatua ya umri anakula mlo mmoja tu: mmoja akiwa mchanga mwenye miguu sita, mmoja akiwa kijana wa miguu minane, na wa mwisho akiwa mkomavu. Mlo mmoja huchukua siku kadhaa akiwa ameng'ang'ania ngozini. Akishiba hudondoka, hujibadili, huanza tena kutafuta. Jike akimaliza mlo wa mwisho hutaga mayai mamia au maelfu kwa mkupuo, kisha hufa. Hana nafasi ya pili.

Sasa mweke huyo pangoni. Kupe tunaowajua, wa malishoni, hupanda kwenye jani, hunyoosha miguu ya mbele na kusubiri ng'ombe apite. Pangoni hakuna jani. Mnyama wa kunyonywa ananing'inia darini, na jioni anaondoka kwa mabawa. Kupe akimng'ang'ania siku tano, sita, atapelekwa nje usiku wote, na akidondoka huko, juu ya msitu au barabara, amekwisha. Ukipiga hesabu hiyo unaona kwamba kupe wa namna hii hakupaswa kuwapo. Yupo, na amefanikiwa kiasi cha kuenea sehemu kubwa ya Ulaya na maeneo jirani.

Anaitwa Ixodes vespertilionis. C. L. Koch, asichanganywe na yule Robert, alimpa jina mwaka 1844. Wanaoingia mapangoni Ulaya humwona ukutani, juu ya jiwe lenye unyevu, akitembea polepole kwa miguu ambayo ukiitazama mara ya kwanza unadhani ni ya buibui. Ni mirefu na myembamba kupita kiasi kwa kupe. Miguu hiyo ndiyo jani lake. Kupe wa malishoni anasubiri chakula kimpitie. Huyu anapanda mwamba kukifuata kilipolala. Chakula chake hasa ni popo wa jamii ya Rhinolophus, wale wenye pua iliyokunjwa kama kiatu cha farasi, ambao hurudi kuning'inia mahali palepale msimu hadi msimu.

Chunguza na nani yuko wapi. Juu ya popo utakuta wachanga, vijana na majike. Dume humwoni. Dume yuko ukutani, hanyonyi, kazi yake iliyobaki duniani ni kumtafuta jike. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, siri kubwa ya kupe wa pangoni ilipo, kubwa kuliko miguu. Kwa kupe wengi wa mifugo wetu, jamii za Rhipicephalus na Amblyomma, dume lazima anyonye damu kwanza ndipo awe tayari, na ndoa hufungwa juu ya ng'ombe. Jamii ya Ixodes haifungwi na sharti hilo. Dume wake anaweza kutoka kwenye gamba la ujana akiwa tayari, na kujamiiana kunaweza kufanyika chini, ndani ya kiota, shimoni au ukutani, bila mnyama yeyote kuhusika. Kati ya aina zaidi ya 700 za kupe wenye gamba duniani, Ixodes peke yake ina zaidi ya 240, na ndiyo iliyotoa wakazi wengi wa viotani na mashimoni. Watu husema mnyama fulani amezoea giza kana kwamba giza ndilo tatizo. Ixodes hawana macho kabisa, hata wale wanaoishi juani. Wanachotumia ni kiungo kidogo kilicho kwenye ncha za miguu ya mbele, kinachonusa harufu ya mnyama, hewa ya ukaa anayoipumua na joto la mwili wake. Kwa kiumbe wa hivyo, taa ikizimwa hajapoteza kitu.

Kinachomuua kupe, popote alipo, mara nyingi ni kukauka. Akiwa hana wa kumnyonya, maji yake anayapata hewani: anatoa mate yenye chumvi mdomoni, mate yanavuta unyevu, naye anayameza. Mbinu hiyo inafanya kazi pale tu hewa inapokuwa na unyevu wa kutosha, kwa aina nyingi kati ya asilimia 75 na 95. Kwenye majani, kupe anapanda kusubiri, jua linamkausha, anateremka kwenye udongo kunywa, anapanda tena, na kila safari inamla akiba ya damu aliyonayo. Pangoni kwenye hewa iliyokaribia kushiba maji, safari hizo hazipo. Anaweza kukaa ukutani muda mrefu akisubiri bila kulipa gharama hiyo. Kwa hiyo pango limemtatulia kiu na kumwachia tatizo moja, la chakula, na tatizo hilo linatatulika kwa sharti moja: mnyama arudi palepale.

Na arudi kulala. Hilo linajibu pia suala la kupelekwa nje na kudondoka barabarani. Kupe wa viotani na mashimoni kwa kawaida hupanga kudondoka wakati mnyama yuko nyumbani amepumzika. Ukilielewa hilo, orodha ya wakazi wa chini ya ardhi inaanza kuwa na maana. Ulaya kuna Ixodes hexagonus, wa kalunguyeye, na Ixodes canisuga, wa mashimo ya mbweha. Hakuna aliyelifuata shimo. Kila mmoja kamfuata mwenye shimo.

Kipimo hicho nimekipenda kwa sababu kinakata pande zote mbili. Chukua pango la Kitum, Mlima Elgon, upande wa Kenya. Limeingia mlimani takriban mita 200, na linajulikana kwa tembo wanaoingia gizani kupasua ukuta kwa pembe ili walambe chumvi. Nyati na pongo huingia pia. Wanyama hao wote wanabeba kupe, na bila shaka wapo wanaodondoka humo. Je, tuwaite kupe wa pangoni? Nionavyo mimi, hapana. Tembo anaingia kula chumvi, hana ratiba ya kurudi, hajilazi. Kupe aliyeshiba akidondoka kwenye vumbi la Kitum amecheza kamari, na watoto wake watakuwa wamezaliwa mahali ambapo miguu ya tembo mwingine huenda ikapita, huenda isipite.

Nenda sasa Mlima Suswa, kwenye Bonde la Ufa, ambako nyani hulala ndani ya mapango yaliyochimbwa na lava. Hapo sharti la kwanza limetimia: mnyama anarudi kulala. Lakini nyani wana mikono. Utafiti uliofanywa Amboseli ulionyesha kwamba nyani anayechambuliwa manyoya mara nyingi na wenzake huwa na kupe wachache. Kwa kupe, mwenyeji mwenye vidole na marafiki ni balaa. Popo naye hujisafisha, hujikuna kwa makucha ya miguu, lakini ana sehemu nyingi asizozifikia vizuri.

Ukitaka kuona kanuni hii bila kubeba tochi, angalia kupe wa mbwa, Rhipicephalus sanguineus na ndugu yake wa nchi za joto ambaye siku hizi wataalamu humwita Rhipicephalus linnaei. Huyu ana macho, na dume wake anahitaji damu; kwa vigezo vya Ixodes hakufaa kuishi ndani. Ila mbwa analala palepale kila siku, na hilo limetosha. Kupe huyu humaliza maisha yake yote ndani ya banda au nyumba. Akishiba anadondoka, anapanda ukuta, anajibanza kwenye ufa, nyuma ya fremu ya picha, pembeni mwa dari. Akiwa na njaa hasubiri, anakimbia kumfuata mbwa. Watu humwogesha mbwa dawa kila wiki na kulalamika kwamba kupe hawaishi, wakati mbwa alikuwa na wachache tu na ukuta ndio ulikuwa na kijiji kizima. Nyumba ya saruji yenye mbwa mmoja, kwa kupe huyu, ni pango zuri kuliko mengi.

Turudi kwa popo, kwa sababu huko mambo yamebadilika haraka katika miaka ya karibuni. Kwa muda mrefu Ulaya ilihesabiwa kuwa na kupe wawili wa popo wenye gamba: vespertilionis, na Ixodes simplex aliyetajwa na Neumann mwaka 1906. Simplex ni mchaguzi hasa. Karibu maisha yake yote yamefungwa kwa popo mmoja, Miniopterus schreibersii, anayejazana mapangoni bega kwa bega. Miguu yake ni mifupi. Hahitaji kupanda mwamba mrefu wakati walengwa wake wamebanana hivyo. Mwaka 2014 Sándor Hornok na wenzake wa Hungaria wakatangaza wa tatu, Ixodes ariadnae, aliyekuwa akiishi mapangoni katikati ya Ulaya, bara ambalo wanasayansi wamelikanyaga kila upande kwa karne tatu. Mwaka 2016 wakaongeza Ixodes collaris kutoka Vietnam. Wa Asia waliokuwa wakifananishwa na vespertilionis wa Ulaya, walipotazamwa kwa vinasaba, wakaonekana kutofautiana nao.

Hapa ndipo ninapogombana na mazoea yetu. Popo wa Miniopterus na Rhinolophus wako kwetu. Wamo kwenye mapango ya mawe ya chokaa ya pwani ya Kenya, na mapango ya aina hiyo yanaendelea kusini hadi Amboni, Tanga. Kupe wao, walipookotwa na watafiti wa zamani wa bara hili, walipewa majina yaleyale ya Ulaya. Ikiwa jina moja la Ulaya limeanza kugawanyika huko Asia, sioni sababu ya kuliamini hapa bila kulipima upya. Tatizo ni kwamba elimu yetu ya kupe imejengwa juu ya ng'ombe. Nalielewa hilo vizuri: ndigana kali inaua ndama, ndigana baridi inamaliza mitamba, josho likikosa maji familia inakosa ada ya shule. Anayepanga bajeti ya wizara ya mifugo hana haja ya kuniomba radhi. Lakini matokeo yake ni kwamba tunamjua kwa undani kupe anayekaa kwenye sikio la ng'ombe, na wa kwenye sikio la popo tunamjua kwa jina la kuazima.

Mtu atauliza, huyo wa popo anatuhusu nini? Swali la haki. Jibu la kwanza ni kwamba anatung'ata kwa nadra sana. Ixodes vespertilionis kumng'ata binadamu ni tukio adimu kiasi kwamba kisa cha kwanza kuripotiwa rasmi, kutoka Poland, kilichapishwa mwaka 2013, karibu miaka 170 baada ya kupe huyo kupewa jina. Watu wameingia mapango ya Ulaya kwa vizazi vingi, naye alikuwa ukutani akiwaangalia wakipita, kama angekuwa na macho. Kwa anayetembelea mapango kujifurahisha, vaa suruali ndefu na mikono mirefu, jikague ukitoka, usimshike popo. Inatosha.

Jibu la pili ni gumu zaidi, na linawagusa papasi kwanza. Mwaka 1977, kwenye pango la Kasokero nchini Uganda, virusi visivyojulikana vilipatikana ndani ya popo wala matunda wa Rousettus, na wafanyakazi wa maabara waliovishughulikia wakaugua. Ilichukua zaidi ya miaka 40 hadi, mwaka 2020, virusi hivyo viliporipotiwa ndani ya papasi wa popo hao. Papasi alikuwa mhusika muda wote, ufani, mita chache juu ya vichwa vya watu. Hilo lingetosha kumtia mtu hofu. Lakini papasi haohao walishapimwa kwa ajili ya kitu cha kutisha zaidi, virusi vya Marburg, vya homa kali ya kutoka damu: zaidi ya 3,000 kutoka pango la Python, magharibi mwa Uganda, ambako popo wanavyo na watalii wawili waliambukizwa mwaka 2007 na 2008. Hakupatikana hata mmoja mwenye navyo. Pango lilelile, popo walewale, papasi walewale. Ugonjwa mmoja wanaubeba, mwingine hawaugusi. Anayesema kupe wa popo ni hatari, au si hatari, bila kutaja kupe gani na kijidudu gani, anajaza nafasi tu.

Hofu isiyochagua ina bei, na bei yake imeshawahi kulipwa. Wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, Uganda, walipopata Marburg mwaka 2007, popo waliokuwa humo, zaidi ya laki moja, waliangamizwa: milango ikazibwa, nyavu za samaki zikatandazwa. Mwaka 2012 popo wachache walikuwa wamerudi, sehemu ndogo sana ya idadi ya mwanzo. Waliopimwa, asilimia 13.3 walikuwa na virusi. Kabla ya kuangamizwa ilikuwa 5.1. Mwaka huohuo, Ibanda, jirani na mgodi, ukatokea mlipuko wa Marburg uliokuwa mkubwa kuliko yote Uganda. Maelezo yanayotolewa ni kwamba popo wageni, vijana wasio na kinga, walikuja kujaza nafasi.

Hiyo ni hesabu ya virusi, si ya kupe, na sitaki kuilazimisha iseme zaidi. Ila itazame kwa kipimo chetu cha mwanzo. Kupe na papasi wa pangoni wamejipanga kwa ajili ya mnyama mmoja anayerudi kulala. Muondoe ghafla. Kupe hawakuondoka naye wote. Madume wako ukutani, walioshiba jana wako ufani wakijibadili, mayai yako kwenye nyufa. Unyevu unawalinda wasikauke, kwa hiyo hawafi haraka. Wana njaa, na kiumbe pekee mwenye damu ya moto anayeendelea kuingia ni mchimbaji, mchungaji aliyekimbia mvua, au mzee aliyekuja kuomba kwenye mzimu. Kupe mchaguzi kama simplex huenda akafa bila kumgusa. Papasi, ambaye si mchaguzi kiasi hicho na anaweza kusubiri miaka, simwekei dhamana. Baada ya milipuko ya Marburg ya Kagera, Tanzania, mwaka 2023 na Rwanda mwaka 2024, ambako mgonjwa wa kwanza alihusishwa na pango la mgodi lenye popo, mtu yeyote anayependekeza kufukiza au kuziba pango kwanza aeleze anawapeleka wapi wanaobaki.

Linalowezekana ni rahisi na halihitaji mradi mpya. Tayari kuna timu zinazoingia mapangoni Uganda, Kenya na kwingineko kupima popo kwa ajili ya Marburg na magonjwa mengine. Popo anakuwa mkononi, amefunguliwa mabawa, anachukuliwa damu. Kumtoa kupe wakati huo ni kazi ya kibano na nusu dakika. Chupa ndogo ya spiriti, kikaratasi ndani kilichoandikwa kwa penseli kwa sababu wino unayeyuka, na mambo matatu: popo wa aina gani, kupe alikuwa ameng'ata au anatembea, na je, kuna waliookotwa ukutani. Hilo la tatu huachwa mara nyingi, kwa kuwa timu imekuja kwa ajili ya popo na hakuna anayemulika ukuta. Bila hilo madume hayapatikani, na bila dume maelezo ya aina mpya ya kupe hubaki pungufu.

Serikali zinazotoa vibali vya utafiti zingeweza kuliweka hilo kuwa sharti kesho asubuhi. Anayekamata popo pangoni aandike na kupe. Chupa zibaki kwenye makumbusho ya nchi husika, Nairobi, Dar es Salaam, Kampala, zisisafiri zote kwenda Budapest au Atlanta, ili mwanafunzi wa hapa atakapotaka kuhakiki jina la 1844 awe na mnyama wa kumtazama.